Poda ya "nano" kwenye mbegu zetu? Mimi nasema: bado



Neno "nano" limefika sokoni. Linaandikwa juu ya chupa na pakiti za mbolea, na wauzaji wanalitamka kama vile kila mutu analijua. Mara nyingi ndani iko mbolea ya maji tu, yenye chembe ndogo. Lakini kuna ulizo linalorudi katika mikutano yetu: ni kweli wataalamu walipata poda nyeusi ya kaboni inayofanya tomati iote mbio? Ndiyo, ni kweli. Na hata hivyo ninaona koperative isiiguse.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukikata mugomba unaona ganda ndani ya ganda mpaka katikati. Mirija ya kaboni yenye kuta nyingi iko vile, mrija ndani ya mrija, isipokuwa ni midogo sana: ukiipanga ubavu kwa ubavu, zaidi ya elfu moja inaenea juu ya upana wa unywele mmoja. Mjapani Sumio Iijima njo aliyeijulisha dunia mwaka 1991. Viwandani wanapitisha gazi yenye kaboni juu ya chembe za chuma, nikeli ao kobalti, katika tanuru ya moto mkali sana, digri mia kadhaa. Gazi inavunjika, na kaboni inaota juu ya chembe kama ndevu. Ndiyo, kobalti, ndugu ya ile inayochimbwa kule Lualaba. Mirija hiyo inaingia ndani ya batiri za motokari na ndani ya plastiki, na huko inafungwa, haipeperuke. Mutu akikuambia anaitengeneza ndani ya pipa la makala nyuma ya nyumba, anakuuzisha masizi.

Sasa tomati. Mwaka 2009 watafiti wa Arkansas, Marekani, waliweka mbegu za tomati katika chakula cha laboratwari chenye mirija hii kidogo. Zikaota mapema kuliko zile zingine, kwa sababu maji yaliingia mbio ndani ya mbegu. Mwaka 2013 watafiti walewale walinyweshea miche iliyo katika udongo, na ikatoa maua na matunda karibu mara mbili. Habari hizo njo zinazobebwa na wauzaji.

Kile wasichosema ni hiki. Katika majaribio mengine ya mwaka 2009, kurjeti zilizokaa katika maji yenye mirija hii zilipoteza zaidi ya nusu ya uzito wao. Na mwaka 2012, huko Japani, walijaribu mimea mbalimbali kwa kipimo kikubwa: pilipili, gombo na soya hazikusumbuka sana, lakini salade na lengalenga nyekundu zilidhoofika kabisa. Hebu fikiri shamba la mama mmoja wa kwetu: tomati, na katikati lengalenga. Dawa hiyo atamwagia mstari gani, na ataruka gani?

Lakini si mimea inayonifanya niandike. Ni mapafu. Mwaka 2008 wataalamu wa Edinburgh waliingiza mirija mirefu ndani ya matumbo ya panya, nayo ikaleta uvimbe na makovu kama yale ya amianti, ile nyuzi ya mabamba ya zamani iliyoua wafanyakazi wengi. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka aina moja ya mirija hii katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta kansa. Si aina zote, tuseme ukweli. Lakini huko Marekani, tangu 2013, mfanyakazi anashauriwa asipumue hewa yenye zaidi ya mikrogramu 1 kwa kila meta kibiki. Gawanya gramu moja mara milioni, kisha chukua kipande kimoja: njo kipimo hicho.

Na sisi tunapaka mbegu dawa namna gani? Ndani ya beseni, kwa mukono, mlango umefungwa upepo usipeperushe, mtoto mugongoni. Kitambaa puani hakizuie kitu kidogo vile.

Ndugu mmoja aliniambia: "Ninyi wa mashirika, kila kitu kipya munatukataza, kisha wengine wanatajirika." Iko na haki nusu. Sikatae majaribio. Yafanywe kwanza na watu wa INERA, ambao wako na kituo Mulungu, wenye vyombo na wenye kujibu kama kitu kinaharibika. Kama mutu anataka shamba la koperative liwe mahali pa kujaribia, alete karatasi, aseme nani atalipa mavuno yakipotea na nani atatunza mgonjwa.

Tena, mbegu zetu zinakataa kuota kwa sababu gani? Mara nyingi ni za zamani, ao zililala ndani ya depo yenye unyevu. Poda haifufue mbegu iliyokufa. Hesabu mbegu 100, uzifunge ndani ya kitambaa chenye maji, ungoje siku kumi ukikilowesha kila siku. Zikiota 50 tu, rudisha mbegu kwa aliyekuuzisha. Hiyo haiombe hata franka moja.

Kwa yule aliyekwisha kununua pakiti ya poda nyeusi yenye jina "nano" bila maandishi ya kuonyesha iko nini: usiifungue, usiimwage mtoni, usiichome. Iweke ndani ya bidoni yenye kifuniko, mbali na chakula na batoto, na uilete kwa agronomu siku ya mkutano.