Siku Niliposema, "Niiteni Mara"

Mwezi huu sitakuletea maelezo ya namna ya kulea watoto wala ya kutunza nyumba. Nataka nikusimulie jambo ambalo kwa miaka mingi nililificha, kwa sababu naamini yupo mama mmoja, pengine ni wewe, anayelibeba jambo kama hilo huku akitabasamu kanisani.

Mimba yangu ya tatu ilikuwa na miezi minane. Nilikwisha kushona nepi, nikafuma sweta na kofia, nikachagua khanga mpya ya mbeleko na kuiweka sandukuni. Jumamosi moja niliona mtoto ametulia sana. Nilisema moyoni, "Labda amelala." Kesho yake kwaya yetu ilikuwa na zamu ya kuimba na mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Nikaenda, nikaimba. Jumatatu nilipofika hospitali, muuguzi alisikiliza tumbo langu kwa muda mrefu, akamwita mwenzake, naye akasikiliza. Kisha akanishika mkono. Mapigo ya moyo wa mtoto hayakusikika.

Nilijifungua usiku ule. Alikuwa mtoto wa kiume. Mume wangu na wazee wawili wa kanisa walikwenda kumzika mimi nikiwa bado kitandani. Siku ya tatu, nikiwa nyumbani, maziwa yalikuja. Wenzangu mnaojua mtanielewa: mwili haukuwa umepata habari.

Maneno ya wafariji

Akina mama wa usharika walikuja, Mungu awabariki. Walipika, walifua, walikesha. Lakini maneno yao mengine yaliniumiza kuliko uchungu wa kuzaa. Mmoja alisema, "Mungu amempenda zaidi." Mwingine, "Wewe bado kijana, utapata mwingine." Wa tatu aliniita pembeni akaniuliza kama kuna dhambi sijaitubu.

Swali hilo lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujiuliza mwenyewe. Kwa nini sikwenda hospitali Jumamosi? Nilikuwa nimechagua kuimba sifa za Mungu, na Mungu hakuniangalia. Nilirudi kanisani baada ya siku arobaini, lakini nyimbo hazikutoka. Nikipiga magoti nyumbani, nilikuta sina neno. Mume wangu naye alinyamaza. Usiku alilala ameelekea ukutani, na mimi nikahesabu kwamba hajali. Nyumba yetu ikawa na watu wawili wanaoambiana habari za chumvi na mafuta ya taa tu.

Mama mzee na maharage

Katika usharika wetu kulikuwa na mjane mmoja mzee. Yeye hakuja siku za mwanzo, watu walipokuwa wengi. Alianza kuja watu walipokwisha kutawanyika. Kila Alhamisi alasiri alifika na kikapu cha maharage, akakaa mkekani, tukapukuchua pamoja. Hakunihubiria. Wiki ya nne au ya tano nilimwambia, "Bibi, mimi siwezi kusali tena." Akaendelea kupukuchua, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilizika watatu. Mwaka mzima sala yangu ilikuwa moja: Bwana, nimekuja. Basi. Nikikaa kidogo, nikiondoka."

Kabla hajaenda aliniomba nimsomee Kitabu cha Ruthu, sura ya kwanza, maana macho yake yalikuwa yamefifia. Nilikijua tangu Shule ya Jumapili, lakini siku hiyo sikumwona Ruthu. Nilimwona Naomi. Mama huyu alitoka Bethlehemu na mumewe kwa sababu ya njaa, akaenda Moabu. Huko akamzika mume, kisha wanawe wawili. Aliporudi, wanawake wa mji walipomtambua, aliwaambia wasimwite Naomi, jina lenye maana ya kupendeza, bali wamwite Mara, yaani uchungu. Alisema mbele ya watu wote kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtendea hivyo, na kwamba aliondoka amejaa na sasa amerudishwa mtupu.

Nilisimama hapo nikamwuliza bibi, "Mungu alimjibu nini?" Akasema, "Soma uone." Nilisoma hadi mwisho wa kitabu. Hakuna mahali Mungu anapomkemea Naomi. Haambiwi amekufuru wala kwamba imani yake ni ndogo. Na pale aliposema amerudi mtupu, Ruthu alikuwa amesimama kando yake, ameacha nchi yake kwa ajili yake. Naomi hakumwona kwa sababu ya machozi. Mungu hakumlaumu kwa kutokuona. Aliendelea tu kumlisha kwa masuke aliyoyaokota Ruthu.

Kilichokua, na ambacho sikipati

Usiku ule nilisali kwa mara ya kwanza. Sikusali vizuri. Nilimwambia Mungu mambo ambayo nisingethubutu kuyasema mbele ya mchungaji. Nilimwambia nina hasira. Nilimwambia habari ya Jumamosi. Nililia mpaka jogoo wa kwanza. Mume wangu aliamka, akakaa kitandani, akaniambia jambo ambalo sikulijua: kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akipita makaburini kupalilia kaburi la mtoto. Hakuniambia kwa sababu alidhani ataniongezea maumivu. Kumbe wote wawili tulikuwa tukilia, kila mtu katika chumba chake cha moyo, amefunga mlango.

Mpendwa, naomba unielewe vizuri hapa. Sisemi kwamba Mungu alimchukua mwanangu ili mimi nikue. Sitakuambia hivyo na wewe usikubali mtu akuambie. Mtoto si chaki ya kufundishia. Hadi leo sijui kwa nini, na sijui kama ningekwenda Jumamosi angepona. Ninachoweza kusema ni kwamba Mungu hakuniacha nilipokuwa mle shimoni, na kwamba nilimfahamu mle kwa namna ambayo sikuwa nimemfahamu juu.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiishi na Mungu kama mtu anayelipa ada. Natoa zaka, nafunga, naimba, nawe unilindie watoto. Nimelipa, nipe stakabadhi. Mtoto alipokufa, nilienda kwake na stakabadhi zangu zote mkononi, nikakuta si duka. Ni Baba. Baba mtu anaweza kumlilia, hata kumlalamikia, bila kufukuzwa nyumbani. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila neno la shukrani mwishoni. Hata hivyo imo ndani ya Biblia. Kilio kinachoelekezwa kwa Mungu nacho ni sala.

Wala si sisi wanyonge tu. Katharina von Bora, mke wa Martin Luther, alimzika binti yake mchanga Elisabeth mwaka 1528, akaharibu mimba na kuponea chupuchupu mwaka 1540, kisha mwaka 1542 akamzika Magdalena mwenye umri wa miaka 13. Luther, aliyewafundisha wengi habari za ufufuo, alimwandikia rafiki yake kwamba ingawa wangepaswa kushukuru kwa kuwa binti yao yuko salama, yeye na mkewe hawakuweza kumfikiria bila kulia. Imani haikukausha machozi yao, nayo machozi hayakuizima imani.

Mama, fanya haya

Kama wewe ndiye uliyefiwa, usihesabu majonzi yako kuwa dhambi. Mwaka 2021 watoto wapatao milioni 1.9 ulimwenguni walizaliwa wamekufa baada ya mimba kufikia wiki 28 au zaidi, na karibu nusu yao ni wa nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara. Hao mama wote hawakulaaniwa. Ukiona majonzi yamepita wiki mbili huku huli, hulali, huwezi kufanya kazi yoyote, nenda hospitali. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu na uende. Dawa na ushauri si upungufu wa imani.

Kama ni mjamzito na mtoto amepunguza kucheza, usingoje asubuhi, usingoje Jumapili ipite. Nenda siku hiyo hiyo. Kwaya itaimba bila wewe.

Kama unakwenda kumfariji mwenzako, beba maji, kuni, au kikapu cha maharage. Sema, "Pole, mwenzangu," kisha nyamaza. Kama mtoto alipewa jina, litaje. Mkumbuke na baba yake pia, maana wanaume wengi hulia mahali tusipopaona. Na urudi baada ya mwezi, wengine wanapokuwa wamesahau.

Mwishoni mwa kitabu, wanawake wa Bethlehemu walifurahi pamoja na Naomi, naye akamchukua Obedi mwana wa Ruthu, akamweka kifuani pake. Obedi hakuwa badala ya wanawe waliozikwa Moabu. Hakuna mtoto aliye badala ya mwingine. Mungu alinijalia binti baadaye, nami nilimbeba kwa mbeleko nyingine. Ile ya kwanza ingali sandukuni. Siku hizi ninaweza kuishika na kusali.

Bibi yetu amekwisha kulala katika Bwana. Nimerithi Alhamisi zake. Wiki hii nina mahali pa kwenda na kikapu changu. Je, wewe unamjua nani?

Tuombe: Bwana, tumekuja. Wengine tuna nyimbo, wengine hatuna neno. Utupokee sote. Wewe uliyemlilia Lazaro, kaa na mama anayelia usiku huu, na umpe mtu wa kukaa naye mkekani. Amina.