Mbwa wa Shamba Akila Panya, Tufanye Nini?



Hivi karibuni tulipigiwa simu na mama mmoja anayeishi na familia yake katika kijiji kilicho chini ya milima ya Usambara, mkoani Tanga. Familia hiyo inafuga mbwa wa kulinda shamba la mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Asubuhi ya siku hiyo mbwa alikamata panya shamba wawili nyuma ya ghala, akawala mbele ya watoto. Mume wake akaamuru mbwa afukuzwe, kwa hoja kwamba sasa amekuwa najisi juu ya najisi. Mama hakuridhika. Mwaka jana mbwa wao wa kwanza alikula panya vivyo hivyo, akaonekana mzima kwa siku nne, kisha akatokwa na damu puani na kufa. Majirani wakasema amerogwa.

Tulimjibu papo hapo, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la kungoja gazeti. Leo tunalieleza kwa familia zote, kwani wengi wetu tuna mbwa wa shamba au wa mifugo, na hatupendi kumzungumza.

Tuanze na hoja ya mume. Mtume wetu (saw) ametufundisha kutofuga mbwa bila ya haja, lakini akavua katika katazo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wa familia hii yumo katika ruhusa hiyo. Ama panya, naye ametajwa miongoni mwa viumbe watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu. Mbwa anayemuua panya ghalani hakutenda kosa lolote.

Kuhusu twahara, katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, chombo, nguo au mwili ulioguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kula panya hakuongezi idadi hiyo wala hakumgeuzi mbwa kuwa kiumbe wa kufukuzwa. Hukumu ya najisi imewekwa ili tujue namna ya kujisafisha kwa ajili ya swala. Haikuwekwa ili iwe kisingizio cha kumtesa mnyama. Tukumbuke habari sahihi ya mtu aliyeteremka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Tukumbuke pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula.

Baada ya hapo tulimuuliza mama swali lililo muhimu zaidi: je, kuna aliyetega sumu ya panya karibu na hapo? Nyama ya panya peke yake si kitu kigeni kwa tumbo la mbwa. Hatari kubwa na ya haraka ni sumu aliyoila panya, au chambo ambacho mbwa mwenyewe amekiokota.

Sumu zinazotumika sana ni za aina mbili. Ya kwanza huzuia damu kuganda. Mbwa aliyeipata huonekana mzima kwa siku tatu hadi tano, kisha huchoka, fizi zake hupauka, hukohoa, na huweza kutokwa na damu puani au katika kinyesi. Huenda hilo ndilo lililompata mbwa wa mwaka jana, wala hapakuwa na haja ya kumtuhumu mtu uchawi. Sumu hii ina dawa, nayo ni vitamini K1, inayotolewa na daktari wa mifugo kwa wiki kadhaa. Dawa hufaa zaidi ikianza kabla ya damu kuanza kutoka.

Aina ya pili ni fosfaidi ya zinki, unga wa kijivu au mweusi. Hii huanza kudhuru ndani ya saa chache: mbwa hutapika, hutetemeka na kupumua kwa shida. Haina dawa mahsusi ya kuivunja nguvu. Tena ikifika tumboni hutoa gesi yenye sumu, hivyo matapishi yake ni hatari kwa watu pia. Mbwa wa namna hiyo awekwe mahali pa wazi penye upepo, na watoto wasogezwe mbali.

Ni kweli kwamba kiasi cha sumu kilichomo katika panya mmoja huwa kidogo kuliko kilichomo katika chambo, na mbwa mkubwa aliyekula panya mmoja mara nyingi husalimika. Hatari huongezeka mbwa akiwa mdogo, akila panya wengi, au akiwa amekula na chambo chenyewe.

Hivyo basi, mbwa akila panya, fanyeni haya. Msimnyang'anye panya kwa mkono, kwani anaweza kuuma. Mfungeni mahali mtakapomwona. Waulizeni majirani kuhusu sumu, na mkipata pakiti ichukueni, kwa sababu jina lililoandikwa humo ndilo litakalomwongoza daktari. Msimnyweshe maji ya chumvi, mafuta wala maziwa ili atapike, kwani huenda mkamdhuru zaidi. Kama sumu ilitegwa karibu, au hamna hakika, mtafuteni daktari au afisa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anakimbia na kucheza. Kama hapakuwa na sumu, mwangalieni kwa wiki mbili.

Kwa nini wiki mbili? Kwa sababu panya hubeba pia vijidudu vya homa ya mgunda. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2022 ugonjwa huu ulizuka mkoani Lindi na kuua watu. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya, na mbwa akiambukizwa naye huvitoa katika mkojo wake. Mbwa akiwa na homa, akikataa chakula, akitapika au macho yake yakiwa ya manjano, msiguse mkojo wake kwa mikono mitupu na mwiteni daktari. Mtu wa nyumbani akipata homa kali na maumivu ya kichwa na misuli, aende zahanati na aeleze kwamba nyumbani kuna panya na mbwa. Maelezo hayo huenda yakaokoa maisha yake.

Kwa ndugu zetu wa upande wa Lushoto kuna jambo la ziada. Wilaya hiyo ilisumbuliwa na tauni tangu mwaka 1980 na kwa miaka mingi baadaye. Tauni huenezwa na viroboto vya panya, na mbwa anayewinda panya anaweza kuvileta viroboto hivyo hadi mlangoni. Mbwa apakwe dawa ya viroboto, asilale ndani wanamolala watoto, na mkiona panya wengi wanakufa wenyewe, wapasheni habari watumishi wa afya. Aidha, mbwa apewe dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka.

Mabaki ya panya yachukuliwe kwa koleo au mkono uliovikwa mfuko wa plastiki, yafukiwe ardhini, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Bakuli la mbwa liwe lake peke yake.

Neno la mwisho ni kwa wanaotega sumu. Kulinda chakula cha familia ni haki yako, lakini Uislamu hauturuhusu kujikinga na dhara kwa kumdhuru mwingine. Usinunue unga usio na jina kwa wachuuzi wa gulioni. Weka chambo ndani ya kitu ambacho mbwa, kuku na mtoto hawawezi kukifikia, wajulishe majirani, na ufukie panya waliokufa.

Mama yule alikwenda kuuliza. Jirani akakiri kwamba alitega sumu juzi yake, na pakiti ilikuwa bado ipo. Ilikuwa sumu ya kuzuia damu kuganda. Mume, aliyetaka mbwa afukuzwe, ndiye aliyempeleka kwa afisa mifugo kwa baiskeli. Hadi tunaandika, mbwa bado yuko katika dawa na anakula vizuri, alhamdulillah.

Mbwa yule ni amana. Analinda shamba letu usiku tukiwa tumelala, naye hana ulimi wa kusema kwamba anaumwa. Wallahu a'alam.