Kalenda ya shule yawapiga chenga walimu wa kigeni Kakamega

KILA mwaka Wizara ya Elimu huchapisha kalenda ya masomo yenye mihula mitatu, na kila tarehe iliyomo huonekana imara kama jiwe la mpaka. Mwalimu anayetoka ng'ambo kuja kufundisha katika shule ya upili mjini Kakamega, au katika vijiji vya Shinyalu na Malava, huipokea kalenda hiyo kwa imani. Kwayo hununua tiketi ya ndege, huomba kibali cha kukaa nchini na hugawa mada za somo lake wiki kwa wiki. Mara nyingi muhula haumaliziki kabla hajagundua kwamba likizo inaweza kuja bila kubisha hodi.

Wengi wa wageni hawa hufikia haraka uamuzi kwamba Kenya haina mpango. Uamuzi huo si sahihi. Mpango upo, na katika mwaka mtulivu hufuatwa barabara: wanafunzi huenda likizo Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, na hupata mapumziko mafupi katikati ya muhula. Tatizo ni kwamba uwezo wa kuubadilisha uko Nairobi, nao hutumiwa kwa ilani fupi mno. Anayeumia ni yule aliye mbali na uamuzi huo.

Itakumbukwa kwamba muhula wa pili wa mwaka 2024 ulikuwa uanze Aprili 29. Saa chache tu kabla ya siku hiyo kupambazuka, Wizara ilitangaza kuahirisha ufunguzi kwa wiki moja kutokana na mafuriko. Mnamo Mei 3, Rais William Ruto aliahirisha tena, safari hii bila kutaja tarehe. Hatimaye shule zilifunguliwa Mei 13. Maafa makubwa yalikuwa Mai Mahiu, Nairobi na katika bonde la Mto Tana, lakini amri iliihusu nchi nzima, na madarasa ya Kakamega yalibaki yamefungwa sawa na mengine.

Mafuriko si sababu ya pekee. Mwanzoni mwa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilichelewesha ufunguzi wa shule, na walimu wa kujitolea wa shirika la Peace Corps la Marekani waliondolewa magharibi mwa nchi. Septemba 2015, mgomo wa walimu kuhusu mishahara ulidumu takriban wiki tano, na serikali ikaamuru shule zote, za umma na za kibinafsi, zifungwe isipokuwa kwa watahiniwa. Agosti 2022, shule zilifungwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu na tarehe ya kurejea ikasogezwa mbele hadi Agosti 18.

Kakamega yenyewe imeonja mabadiliko yasiyotoka Nairobi. Mapema Aprili 2023, Shule ya Upili ya Wasichana ya Sacred Heart Mukumu ilifungwa kabla ya muhula kumalizika, baada ya ugonjwa kuzuka na kusababisha vifo vya wanafunzi na mwalimu. Hapo hapakuwa na mjadala wa kalenda; wazazi walitaka watoto wao nyumbani.

Mwalimu mwenyeji huumizwa na misukosuko hii, lakini ana pa kuegemea. Ana shamba la kupalilia, jamaa wa kumtembelea na mshahara ambao kwa kawaida haukomi kwa sababu shule imefungwa. Mgeni hana. Katika shule za bweni, wanafunzi wanapoondoka jiko hufungwa, na anayeishi katika nyumba za walimu akitegemea chakula cha shule hujikuta peke yake. Tiketi yake ina tarehe, kibali chake kina tarehe, na pengine michango ya kanisa au shirika lililomtuma ina kikomo. Kwa aliyekuja kwa miezi mitatu, wiki mbili zilizopotea ni karibu sehemu moja kwa sita ya kazi yake yote.

Mfano mchungu zaidi ulikuwa wa 2020. Jumapili, Machi 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Siku kumi baadaye safari za ndege za kimataifa za abiria zilisimamishwa, zikarejea Agosti 1. Mgeni aliyesubiri kuona iwapo shule zingefunguliwa baada ya wiki chache alijikuta hana darasa wala ndege. Madarasa ya watahiniwa na Gredi ya Nne yalirudi Oktoba 12, na wengine wote Januari 2021. Hata baada ya hapo mihula ilibanwa, na kalenda ya Januari hadi Novemba haikurejea hadi 2023.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo walimu wenyeji hulijua na wageni huchelewa kuling'amua. Ukiacha miaka ya korona, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne haukuondolewa katika mwaka wake. Hata mgomo wa 2015 haukuuhamisha. Watahiniwa waliketi mwaka uo huo, huku muda wa kujiandaa ukiwa umepungua. Likizo hupanuka na kusinyaa, lakini mtihani husimama. Kwa hivyo mwalimu mwenyeji hahesabu wiki kuanzia ufunguzi kwenda mbele. Huhesabu kutoka mtihani kurudi nyuma.

Mgeni anayeiga hesabu hiyo huanza na mada zinazotahiniwa zaidi, hugawa somo katika vipande vinavyoweza kukamilika kwa wiki mbili, na huwaachia wanafunzi kazi ya kufanya nyumbani kabla ya fununu za mgomo kuwa habari. Hununua tiketi inayoweza kubadilishwa, huacha siku za akiba kabla kibali hakijaisha, na husikiliza taarifa za habari za jioni kama wenzake katika chumba cha walimu.

Lakini haifai mzigo wote uachiwe mwalimu. Shule inayomwalika mgeni ina wajibu wa kumweleza mapema atakula wapi na kulala wapi ikiwa milango itafungwa ghafla. Nayo Wizara haiwezi kuzuia mvua, lakini yapo inayoyajua kabla. Katiba imeweka uchaguzi mkuu ujao Agosti 2027, na mikataba ya mishahara ya walimu ina tarehe za kumalizika. Hakuna sababu ya likizo zinazotokana na mambo hayo kutangazwa dakika ya mwisho.

Mwisho wa yote, mgeni atapanda ndege arudi kwao, hata kama ni kwa gharama ya ziada. Mwanafunzi wa Malava aliyepoteza mwalimu wake wa fizikia katikati ya mada hana tiketi ya kubadilisha. Ataingia katika chumba cha mtihani siku ile ile iliyopangwa, na karatasi haitamuuliza shule yake ilifungwa kwa siku ngapi.