Jina la Biashara Yako Liko Mikononi mwa Nani?

Leo naomba niongee kitu ambacho kitawaudhi baadhi yenu, hasa mnaoamini kwamba ukipata mtu wa kukuongezea mtaji basi umeshatoboa. Mimi nauza spea za pikipiki hapa Sumbawanga, mzigo natuma kwa basi mpaka Namanyere, Laela na Matai, kwa hiyo na mfano wangu unatoka kwenye pikipiki.

Kuna Mmarekani anaitwa Erik Buell. Huyu mwamba alianza kama fundi pikipiki tu, huku anasoma uinjinia usiku. Mwaka 1979 akamaliza Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Harley-Davidson wakamchukua. Harley ni yale mapikipiki makubwa mnayoyaona kwenye muvi. Baada ya miaka michache akaacha kazi, akaenda kutengeneza za kwake huko huko Wisconsin. Ya kwanza aliiita RW750, ilikuwa ya mashindano tu. Kabla haijaanza kumlipa, wenye mashindano wakalifuta daraja lile. Ni sawa na kujaza duka makoti ya mvua halafu unashtuka ni mwezi wa tano.

Hakukaa kulia. Akachukua injini za Harley zilizokuwa zimebaki, akazitengenezea fremu yake, na mwaka 1987 akaanza kutoa RR1000. Zilikuwa 50 tu. Jamaa alikuwa na akili za ajabu. Baadaye akaja na pikipiki ambayo petroli inakaa ndani ya fremu yenyewe, na diski ya breki ya mbele imefungwa pembeni kabisa ya ringi badala ya katikati. Nilivyomwelezea fundi wangu alicheka kwanza, halafu akaniambia nimtafutie picha.

Sasa hapa ndipo nataka msome polepole. Mwaka 1993 Harley waliingiza hela kwenye kampuni yake, wakachukua asilimia 49. Sawa, bado yeye ana kubwa. Mwaka 1998 wakafika asilimia 98. Mwaka 2003 wakamaliza yote. Yaani jamaa anaamka asubuhi anakwenda kazini kwenye kampuni yenye jina la ukoo wake, lakini yeye ni mwajiriwa.

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Bila hela na mawakala wa Harley asingefika popote kwa zile 50 zake. Pamoja nao zilitoka Buell zaidi ya 100,000. Mtaji wa mtu ni mtamu, sibishi. Ila mwaka 2009 uchumi ukawa mbaya, Harley wakaamua wabaki na pikipiki zao tu. Mwezi wa kumi wakatangaza Buell inafungwa. Na mwaka huo huo Buell ilikuwa imebeba ubingwa wa Daytona SportBike kule Marekani! Hakufungiwa kwa kuwa kazi yake mbovu. Alifungiwa kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyetokea kwenye video kuwaaga wateja.

Akaanza upya, akaiita kampuni mpya Erik Buell Racing, maana jina Buell peke yake lilibaki kwa Harley. Mwaka 2013 wakaja Hero wa India, wakanunua asilimia 49.2 kwa dola milioni 25. Mwaka 2015 nayo ikafunga. Mwaka 2019 akatokea kwenye kampuni nyingine, Fuell, ya pikipiki na baiskeli za umeme, na hiyo ikafilisika mwaka 2024, kuna wateja walishalipia kabla na mzigo hawajauona. Hapo simtetei. Hela ya mteja ambaye hajapata mzigo siyo mtaji wako, hata kama wewe ni fundi wa dunia nzima.

Halafu sikia hii. Mwaka 2021 jina la Buell lilirudi sokoni, kampuni ipo, pikipiki zinauzwa. Mwenye jina hayumo.

Wale Hero niliowataja, wao walicheza tofauti. Walikuwa wanatengeneza baiskeli tangu mwaka 1956. Mwaka 1984 wakaungana na Honda ya Japani, pikipiki zikaitwa Hero Honda. Injini na utaalamu ni vya Mjapani, ila neno Hero ni lao. Walipoachana, wakafuta Honda, wakabaki na Hero, na mwaka 2011 wakawa Hero MotoCorp. Utaalamu walikuwa wanautafuta kwa watu, ndiyo maana walimfuata Buell. Jina hawakumwazima mtu.

Kwa nini haya yananiuma? Nilianza na rafiki yangu. Mimi nilikuwa na ujuzi wa spea, yeye alikuwa na simu nzuri na laki tatu. Peji ikafunguliwa kwa namba yake, lipa namba ikasajiliwa kwa kitambulisho chake, mimi nikawa napiga picha, najibu wateja, nabeba boksi kupeleka stendi. Jina la peji lilikuwa jina langu la utani la sekondari. Tulipofika wafuasi elfu sita na kitu tukagombana kwa mzigo mmoja wa tairi. Kesho yake paswedi imebadilishwa. Nilikaa chini nikasema sina hata pa kushtaki, maana kila kitu kimeandikwa yeye.

Wiki mbili baadaye akanipigia bodaboda mmoja wa Namanyere. Alilipa 38,000 kwenye ile peji, cheni na spoketi, mzigo hajaona, na anadai mimi kwa sababu jina analolijua ni langu. Nilituma. Hela yake sikuila mimi, lakini ningemwambia nini?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, mtu akitaka kukuongezea mtaji mpe faida, mpe hata sehemu kubwa ya faida, mwandikiane mbele ya mashahidi. Namba ya peji, barua pepe iliyofungulia, lipa namba na jina viwe vyako. Jina sajili BRELA, inafanyika mtandaoni, unahitaji namba ya NIDA, na ada ya jina la biashara haifiki bei ya tairi jipya la nyuma. Jueni pia kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Jina linakutambulisha, alama ndiyo inakupa nguvu ya kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa za aina yako, na huku Bara inasajiliwa kwa miaka 7 kwanza, halafu unaongeza miaka 10 kumi. (Zanzibar wana ofisi yao, msichanganye.)

Na ukienda steshenari kujaziwa fomu, kaa pale pale. Wengi wanafungua akaunti kwa barua pepe ya yule kijana wa kompyuta kwa sababu mteja "hana imeili". Mwambie akufungulie ya kwako kwanza, paswedi uandike mwenyewe.

Peji yangu ya sasa ina watu 900 na kidogo. Ile ya zamani bado ipo, na juu kabisa bado kuna picha yangu nimeshika tairi mbele ya basi la Matai. Mkiiona, pale siyo mimi.