Mafuta Yanayotoa Moshi Yamepita Kiasi



Mafuta ya mawese hutujia kutoka Walikale, nchi ya joto na michikichi, mpaka huku Muheto penye baridi. Twamshukuru Mungu kwa chakula hicho. Lakini iko desturi moja ya jikoni ambayo naikataa, nayo ni kuchoma mafuta mpaka wekundu wake utoweke.

Mama huweka sufuria motoni, kisha huenda kumtazama mtoto. Mafuta yaanza kutoa moshi. Watu husema, “Sasa yameiva.” Mimi nasema, sasa yamepita kiasi. Maji yakichemka, joto lake halipandi tena. Mafuta hayana mpaka huo. Huzidi kupanda, na yakipita digrii 300 yaweza kuwaka yenyewe, hata pasipo kuguswa na mwali. Tena, wekundu ule ni chakula: mwili hupata humo vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Ukiuchoma, umeutupa.

Utaniambia kwamba mafuta mekundu yana harufu kali. Ni kweli. Lakini harufu huzoeleka. Kovu la moto hukaza kiwiko, na mtoto hawezi tena kunyoosha mkono.

Basi shika maneno haya:

1. Mafuta yasipite nusu ya sufuria.

2. Kausha sambaza na viazi kwa kitambaa kabla ya kukaranga. Maji kidogo hurusha mafuta usoni.

3. Usiache mafuta motoni peke yake. Ukiona moshi, na hayajawaka, punguza moto mara moja.

4. Yakiwaka, USIMWAGE MAJI. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafula, na kurusha moto mpaka darini. Huo si uchawi, ni kazi ya mvuke. Usitupe unga, wala usibebe sufuria. Twaa kifuniko cha chuma, ukisukume polepole juu ya sufuria kuanzia upande wako. Vuta kuni nje, ukiweza. Usifunue mpaka sufuria ipoe kabisa.

5. Moto ukishika ukuta wa mbao au turubai, acha vyombo. Toa watoto, piga kelele, wala usirudi ndani.

6. Nguo ikiwaka, usikimbie. Lala chini, bingirika.

7. Aliyeungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Vua nguo na bangili, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iache. Usipake majivu, asali, samli, dawa ya meno wala mavi ya ng’ombe. Hivyo huleta uchafu katika kidonda. Funika kwa kitambaa safi, umlete hospitali. Mtoto mdogo, au aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, asingoje hata kesho.

Sasa neno kwenu akina baba. Mtoto akiungua, twasikia mkisema, “Mama yake ni mzembe.” Sikubali. Mama huyo ametoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, ana mtoto mchanga, naye apika juu ya mafiga yaliyo chini, pale pale mtoto anapotambaa. Nani aliyeyaacha mafiga chini? Udongo upo, mawe yapo, na mikono yako ina nguvu. Jenga jiko lifikalo kiunoni, sufuria ikae imara, mtoto asiifikie. Ni kazi ya siku chache. Kidonda cha moto huchukua majuma mengi, na pengine hakiponi vema.

Hapa hospitalini twaosha vidonda na kuomba pamoja nanyi. Lakini afadhali tukutane kanisani, watoto wakiwa wazima. Mwombe Mungu ailinde nyumba yako, kisha inuka ukatafute kifuniko cha sufuria, ukiweke karibu na jiko leo, kabla ya kukaranga.