Mapinduzi Hayaletwi na Mwenye Njaa, Yanaletwa na Chawa

Swali limekuwa la kila siku. Linaulizwa saluni pale Singida mjini mama akisukwa, linaulizwa kijiweni kwa bodaboda, linaulizwa soko la vitunguu la Misuna magunia yakipakiwa kwenye fuso: hivi hizi hasira za watu zinaweza kweli kuiangusha serikali? Wengine wanauliza kwa sauti ya chini, baada ya kuangalia kwanza nani amekaa jirani.

Majibu yanayosikika ni mawili tu.

La kwanza ni la chawa. Chawa wa Bongo anajulikana. Ni staa aliyewahi kuwa na wimbo mmoja redioni, au mwigizaji ambaye filamu hazimlipi tena, au MC wa harusi aliyegundua kwamba kusifia wakubwa kunalipa kuliko kuchekesha wageni. Huyu anasema Watanzania hawana ubavu. Eti ni watu wa amani, wataongea wiki moja, kisha ije mechi ya Simba na Yanga wasahau. Akifika kwa watu wa Singida ndio anacheka kabisa: hao wauza kuku na walima alizeti wampindue nani?

Jibu la pili ni la mwenye moto. Huyu mara nyingi yuko mbali, ana bando la kutosha na usingizi wake hausumbuliwi na king'ora. Anasema kazi ndogo tu, vijana wajaze barabara, ikifika Ijumaa nchi ina wenyewe wapya.

Wote wawili wamekosea, ila makosa yao hayalingani. Mwenye moto anaweza kumponza kijana mmoja, kumi, hata mamia, na hilo si jambo dogo. Chawa anaweza kuiponza nchi nzima, maana yeye ndiye anayesikilizwa na mwenye madaraka. Kazi yake ya kila siku ni kumwambia mkubwa kwamba kelele za nje ni za wivu, na mkubwa akizoea kusikia hivyo anaacha kufungua dirisha.

Tuanze na hiyo hoja ya upole. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, siku hizi unaitwa Liti. Mashabiki wanaingia, wanapiga vuvuzela, wanatoka, na wengi hawajiulizi Liti ni nani. Alikuwa mwanamke wa Kinyaturu. Masimulizi ya wazee yanasema alipambana na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 akiwatumia nyuki, mpaka walipomuua. Habari ya nyuki mtu anaweza kuiamini au asiiamini, hilo ni lake. La kukumbuka ni kwamba wakati wa Mjerumani Mnyaturu hakuwa na diwani, hakuwa na mbunge, hakuwa na mahakama ya kumpeleka bwana shauri. Kodi ya nyumba ilidaiwa na hakuna aliyemuuliza kama anayo. Watu walewale wanaoitwa wapole leo walikamata silaha walizokuwa nazo, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kupeleka neno lao.

Kama Liti ni wa zamani mno, kuna Oktoba 29, 2025. Mpaka mkesha wa siku hiyo chawa walikuwa majukwaani wakiimba kwamba Mtanzania haandamani. Asubuhi ya uchaguzi vijana wakaingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya. Intaneti ikazimwa nchi nzima. Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Risasi zikapigwa, watu wakafa, na idadi yao bado inagombaniwa. Kuna wazazi waliozunguka mochwari wakitafuta watoto wao na kurudi mikono mitupu. Siku tatu baadaye likatangazwa tangazo la ushindi wa asilimia 97.66. Waangalizi wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi ule haukukidhi misingi ya Umoja huo. Novemba, Rais akaunda tume ya kuchunguza yaliyotokea.

Na chawa? Intaneti ilipowashwa, baadhi yao walianza kufuta posti za kampeni kimyakimya huku wakihesabu wafuasi waliowakimbia. Hadithi ya Mtanzania asiyeweza ilifia hapo, na waliokuwa wakiisimulia hawakuomba hata radhi.

Sasa upande wa pili. Je, hasira ikiwa kubwa basi mapinduzi yanakuja? Hapana. Kama hasira peke yake ingetosha, Singida ingewaka mwaka 2023.

Mwaka 2022 serikali ililegeza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ili bei ya dukani ishuke. Kwa mnunuzi wa Kariakoo ilikuwa nafuu. Kwa mkulima wa Mkalama, Iramba na Ikungi ilikuwa kilio. Msimu uliofuata bei ya alizeti iliporomoka. Mtu amelimia mkopo, ameweka ada ya mtoto juu ya magunia yale, halafu mnunuzi anakuja anataja bei ya kuchekesha. Ghadhabu ilikuwa ya kweli. Ila hakuna aliyefunga barabara kuu ya Dodoma kwa mawe, na sababu si upole wa kuzaliwa. Sababu ni kwamba wabunge wa mikoa ya alizeti walipiga kelele bungeni mpaka wakasikika, na bajeti ya Juni 2023 ikaupandisha tena ushuru. Bajeti hiyohiyo ikafuta tozo ya kutuma pesa kwa simu, ile iliyoanza Julai 2021 na kulaaniwa kila kona ya nchi. Waziri wa Fedha aliyelegeza ushuru na aliyeurudisha ni yuleyule mmoja, Mwigulu Nchemba, mtoto wa Iramba.

Hasara ya mkulima haikurudi yote. Lakini aliona kilio chake kimetoka shambani, kimefika Dodoma, kimebadili kitu. Mtu aliyeona hivyo hata akinuna, anajua msimu ujao apeleke wapi lawama zake.

Sasa angalia kilichofuata kwenye njia hiyohiyo ya kupelekea lawama.

Novemba 2024 ulikuja uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya kura, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Wilayani Manyoni, hapohapo Singida, Chadema ilitangaza kwamba mgombea wake wa kitongoji ameuawa. Kitongoji jamani! Sio ikulu, sio ubunge. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayemjua mgonjwa wa nyumba ya tatu, ndiye anayeamua ugomvi wa mpaka wa shamba, ndiye mlango wa kwanza kabisa wa serikali kwa mtu wa kawaida. Ukiona hata mlango huo unagombewa kwa damu, jua kuna tatizo ambalo nyimbo za sifa haziwezi kulitibu.

Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Huyu ni mzaliwa wa Ikungi, mbunge wa zamani wa Singida Mashariki, mtu aliyepigwa risasi 16 Dodoma Septemba 2017 na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Chama chake kilikataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi kikidai mageuzi kwanza, kikafungiwa kushiriki. Mgombea urais wa ACT Wazalendo naye akaondolewa. Siku ya kura ilipofika, vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na jina la mgombea urais kwenye karatasi.

Novemba hiyohiyo ya baada ya uchaguzi, Mwigulu akawa Waziri Mkuu. Mkoa mmoja, wana wawili: wa Iramba ofisini kwa Waziri Mkuu, wa Ikungi gerezani. Mtu anaweza kumpenda huyu na kumchukia yule, hiyo ni haki yake. Lakini kijana wa Singida anayetazama hadithi hizo mbili anajifunza nini kuhusu njia ya kupingana na serikali kwa mdomo? Hapo ndipo chawa anapotakiwa kujibu, na hapo ndipo huwa anabadilisha mada na kuweka video akicheza.

Historia ya hapa nyumbani ilishalisema hili. Zanzibar, uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Uhuru ukatolewa Desemba 10 kwa wale wengine. Januari 12, 1964, serikali ile ikapinduliwa, haijafikisha hata wiki tano. Njaa na chuki vilikuwepo Unguja miaka mingi bila kuangusha mtu. Kilichobadilika ni kwamba walio wengi walihesabu kura zao, wakaona ni nyingi, na hazikuwapa kitu.

Lakini mwenye moto asishangilie mapema, maana historia hiyohiyo ina neno lake pia. Mapinduzi ya Zanzibar yalimwaga damu ya maelfu, wakiwemo watu ambao kosa lao lilikuwa asili yao tu, na Wazanzibari wakasubiri mpaka 1995 kupiga tena kura ya vyama vingi. Sudan ilianza na bei ya mkate Desemba 2018, Omar al-Bashir akaondoka Aprili 11, 2019. Wanajeshi waliobaki mezani waligeukiana Aprili 15, 2023, na raia aliyelilia mkate akageuka mkimbizi. Madagascar vijana walitoka Septemba 2025 kudai maji na umeme, rais akakimbia, na Oktoba 17 aliyekula kiapo cha urais ni kanali wa jeshi. Vijana walilia maji, wakapewa kanali.

Ndiyo maana anayeuza mapinduzi kama tiketi ya tamasha anadanganya. Umma unaweza kuitikisa serikali. Nani atakalia kiti, mara nyingi huamuliwa na wenye bunduki. Mama anayeuza kuku stendi ya Manyoni hana bunduki. Mabasi yakisimama wiki moja, yeye ndiye wa kwanza kulala na njaa, na mtoto wake ndiye anayekuwa mbele barabarani.

Kenya waliona njia ya katikati, ingawa nao waliilipia kwa makumi ya roho. Juni 25, 2024 vijana waliingia bungeni Nairobi wakipinga Muswada wa Fedha. Kesho yake Rais Ruto akautupa muswada, na Julai akavunja karibu baraza zima la mawaziri. Alirudi nyuma kwa kuchelewa na kwa shingo upande, lakini alirudi, na kiti chake kikabaki. Serikali inayojua kurudi nyuma huwa inadumu. Inayoambiwa na chawa kwamba kurudi nyuma ni aibu ndiyo inayofika mahali haina pa kurudi.

Kwa hiyo jibu la swali la saluni ni hili. Manung'uniko ya watu yanaweza kuzaa mapinduzi Tanzania kama kwingine kokote, hakuna chanjo kwenye damu ya Mnyaturu wala ya Mzaramo. Hayazai kwa sababu maisha ni magumu, maisha yamekuwa magumu siku zote. Yanazaa pale kura, mahakama, bunge na mkutano wa kijiji vinapoonekana ni mapambo. Na anayevigeuza mapambo si yule kijana mwenye bango. Ni anayeengua wagombea, anayezima intaneti, na anayelipwa kupiga makofi wakati hayo yanafanyika.

Dawa nayo si siri. Wananchi walishatoa maoni yao kwa Tume ya Jaji Warioba, Singida ikiwemo. Kura ya maoni ya katiba ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo imekaa kabatini. Itolewe. Wenye kesi za kisiasa waachiwe, waliopoteza watoto waambiwe ukweli na walipo. Mastaa nao si lazima wawe wanaharakati, wengine wana watoto wa kulisha. Lakini kati ya kuandamana na kuwa chawa kuna kitu kinaitwa kukaa kimya, na hakina gharama hata ya bando.

Mwaka 2029 utakuja tena uchaguzi wa vitongoji. Mtu wa Manyoni au Kiomboi akiweza siku hiyo kusimama bila kuogopa, akamwondoa mwenyekiti wake kwa kura na matokeo yakatangazwa vilevile, swali la saluni litakufa lenyewe, watu warudi kubishania Simba na Yanga. Asipoweza, chawa waendelee tu kuimba. Wasije wakashangaa kwamba uwanjani wamebaki wenyewe.