Uzazi bila malipo: fakture ikichelewa Kinshasa, mama wa Uvira ndiye analipa

Tarehe 5 Septemba 2023, Rais Félix Tshisekedi alizindua mjini Kinshasa programu ya uzazi bila malipo. Ni hatua ya kwanza ya mpango wa afya kwa wote, ule unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CSU. Kwenye karatasi, mama mjamzito anapimwa bure, anazaa bure hata kama ni kwa kupasuliwa, na mtoto anatunzwa bure mpaka siku 28. Programu ilianzia Kinshasa, kisha ikaanza kupanuliwa kwenda majimbo mengine.

Tangu siku ile mabishano hayajaisha, kwenye redio na kwenye barza. Upande wa serikali unasema hakuna utawala uliowahi kuwapa akina mama zawadi kama hii. Upande wa pili unajibu kwamba uzinduzi ulikuja miezi mitatu na nusu tu kabla ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023, kwa hiyo ilikuwa kampeni. Pande zote mbili zinakosea jambo moja. Afya si zawadi ya rais wala mtego wa kura: Katiba ya 2006, kipengele cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Swali la maana kwa mama wa Sange, Kiliba au Makobola ni lingine kabisa: mama akisha kuzaa, nani analipa kituo cha afya, na analipa lini?

Neno «bure» limewachanganya watu. Hakuna uzazi usiokuwa na gharama. Glavu, uzi wa kushona, dawa, mafuta ya jenereta wakati wa upasuaji wa usiku, vyote vinanunuliwa. Mpango unasema hivi: kituo kinamhudumia mama, kinaandika fakture, fakture inakaguliwa, kisha Mfuko wa Mshikamano wa Afya unalipa kwa niaba ya serikali. Sheria ya afya ya 2018 ilirekebishwa tarehe 3 Machi 2023 ili kuupa mpango huo msingi. Lakini kati ya siku mama anapozaa na siku pesa inapofika, ni kituo kinachomkopesha mama kwa jina la serikali.

Na kituo kidogo cha bonde la Ruzizi kinaweza kukopesha kwa muda gani? Wauguzi wengi hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa mgao wa pesa zinazolipwa na wagonjwa. Ukiondoa pesa hizo bila kuleta nyingine, muuguzi hana cha kupikia nyumbani. Hapo ndipo «bure» inapoingiliwa kwa mlango wa nyuma: mama anaambiwa aje na glavu zake, anunue dawa nje, atoe «kitu kidogo». Na yule asiyekuwa na kitu anajifungulia nyumbani, kwa kuogopa kuzuiliwa hospitali kwa sababu ya deni.

Nchi hii imekwisha kuona filamu hiyo. Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure. Watoto walijaa madarasani, jambo la kufurahisha, lakini walimu wasiokuwa kwenye orodha ya mishahara walibaki mikono mitupu. Hata jirani wa ng'ambo ya mpaka alipitia hapo. Mei 2006, Burundi ilifuta malipo ya uzazi na ya watoto chini ya miaka 5. Hospitali zilifurika, malipo ya serikali yakachelewa, dawa zikaisha. Mwaka 2010 Burundi iliunganisha malipo hayo na mfumo wa kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika na kukaguliwa. Matatizo hayakuisha yote, lakini angalau mlipaji na njia ya malipo vilijulikana.

Huku Kivu Kusini kuna mzigo wa ziada. Bukavu, makao makuu ya jimbo, ilianguka mikononi mwa M23 Februari 2025, na benki zake zikafunga. Uvira nayo iliingiliwa tarehe 10 Desemba 2025. Fakture ya zone ya afya inapita wapi pale barabara na benki zinapofungwa? Mpango uliofikiriwa kwa ajili ya Kinshasa hauwezi kuletwa hapa bila jibu la swali hilo.

Wengine wanasema dawa ni mituele, ambayo sheria yake ipo tangu Februari 2017: kila jamaa ichange kidogo kila mwaka. Wazo ni zuri kwa mwenye mshahara. Lakini mvuvi wa Kalundu na mkulima aliyekimbia shamba lake kwa sababu ya vita watachanga nini? Mituele inaweza kusaidia. Haiwezi kuchukua nafasi ya bajeti ya serikali. Mwaka 2001, kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Kwa Kongo, lengo hilo liko mbali bado.

Kwa hiyo wabunge wa Uvira na Fizi wasiulizwe kama wanaunga mkono programu ya rais au wanaipinga. Waulizwe mambo matatu. Vituo vipi vya eneo lao vimo kwenye programu? Fakture ngapi zimelipwa, na baada ya muda gani? Wauguzi wangapi wamepata mshahara? Majibu yabandikwe kwenye ukuta wa kila kituo, pamoja na orodha ya huduma ambazo mama hapaswi kulipa hata franka moja. Mama akijua haki yake, na muuguzi akijua siku yake ya kulipwa, hawatagombana tena mlangoni pa chumba cha uzazi kwa deni ambalo ni la serikali.